Serikali ikisema "ruksa", isije kunishtaki

"Kutojua sheria si utetezi." Hata asiyewahi kukanyaga mahakamani anaijua kauli hii. Tanzania iko kifungu cha 8 cha Kanuni ya Adhabu, Kenya kifungu cha 7. Sina ugomvi nayo. Bila hiyo kila mwizi angedai hakujua. Ila kuna mtu mmoja inamwonea: yule aliyeuliza kwanza, akamuuliza mwenye dhamana, akaambiwa fanya, akafanya, akapandishwa kizimbani.

Desemba 1961, mjini Baton Rouge, Louisiana, Mchungaji B. Elton Cox aliongoza wanafunzi weusi wapatao 2,000 kupinga wenzao 23 kuwekwa ndani. Sheria ya jimbo ilikataza maandamano "karibu" na mahakama. Karibu kiasi gani? Haikusema. Mkuu wa polisi wa mji, akiwa pale pale, akamwelekeza Cox wakae ng'ambo ya barabara. Wakakaa, futi 101 kutoka kwenye ngazi za mahakama. Muda si mrefu wakapigwa mabomu ya machozi, na kesho yake Cox akakamatwa. Kwa kosa hilo peke yake alihukumiwa mwaka mmoja jela na faini ya dola 5,000. Mahakama ya Juu ya Marekani ilifuta hukumu hiyo mwaka 1965: serikali haiwezi kumtegea raia mtego kwa ulimi wa afisa wake.

Ungedhani somo liliingia. Agosti 2022, jimbo la Florida lilitangaza kukamata watu 20 waliowahi kutiwa hatiani, likidai kwamba walipiga kura ilhali hatia zao ziliwanyima haki hiyo. Baadhi yao walijiandikisha kwa njia ya kawaida na kupewa kadi ya mpiga kura. Kadi ya nani, kama si ya serikali?

Mimi naupenda utaratibu wa Kanada, ulioelezwa na Jaji Mkuu Lamer mwaka 1995 katika kesi ya Jorgensen. Mshtakiwa ndiye anayebeba mzigo wa kuthibitisha kwamba alijiuliza kuhusu sheria, akapata jibu kwa afisa husika (wakili wako mwenyewe hahesabiki), jibu lilikuwa la kuaminika, na alilifuata. Akithibitisha, haachiwi kama asiye na kosa. Kesi inakomeshwa tu.

Kwetu kikwazo kikubwa ni ushahidi. Dirishani utaambiwa "endelea tu, hakuna shida", lakini omba jibu hilo kwa maandishi, lenye jina na muhuri, uone sura itakavyobadilika. Kwa hiyo nataka mambo mawili: vifungu vile vya 8 na 7 viongezewe msamaha wa namna ya Kanada, na ofisi ilazimike kuandika inachomwambia raia anapouliza.