Goli Nililolisikia Chooni

Naandika haya kwa sababu mama watoto ameshawaambia watu wa Mbagala, Tanga na nusu ya mtaa wetu hapa Ottawa, kwa hiyo hakuna tena cha kuficha. Lile goli la tikitaka kwenye theluji, lililozunguka dunia nzima Novemba 2025, lilifungwa mimi nikiwa uwanjani. Tiketi ninayo. Ila goli sikuliona. Nilikuwa chooni, napigana na zipu.

Nianze mbali kidogo. Mimi ni Yanga. Babu alikuwa Yanga, baba Yanga, na mimi nilivalishwa kijani na njano kabla sijajua kukaa. Kisha Mungu akanipa mke Simba, na kana kwamba haitoshi, riziki ikanileta kwenye mji ambao timu yake inavaa mistari myekundu na myeupe. Sababu yenyewe haina undugu wowote na Msimbazi: timu inaitwa Atlético Ottawa, walioianzisha mwaka 2020 ni Atlético Madrid wa Hispania, wakaja na rangi zao. Mke wangu hataki kusikia habari za Hispania. Siku ya kwanza alipoiona ile jezi ndani ya basi alinigeukia, akatabasamu, akasema, "Umekimbia huku kote, na bado tumekukuta."

Ligi Kuu ya Kanada ilianza Aprili 2019 na timu saba. Kwa mtu ambaye klabu yake ni ya 1935, hiyo ni ligi ya chekechea. Nilidhani nitakuta watu wanaopiga makofi kwa adabu, kama wako ukweni. Wapi! Nimekuta mtu mzima mwenye mvi, nasikia huko ofisini kwake ni bosi, amepanda juu na kipaza sauti, ameupa mchezo mgongo dakika zote tisini, kazi yake kutuimbisha. Yaani kalipa kiingilio aje kututazama sisi. Ngoma zinapigwa mpaka kifua kinatetemeka, bendera zinapepea hadi zinakuzaba kofi, nyimbo zinaanza kwa Kiingereza na kuishia kwa Kifaransa, na hakuna anayejali kama umeelewa.

Kila mji una watu wake. Hamilton wana kikosi kinachojiita Barton Street Battalion, Calgary wana Foot Soldiers, na Halifax, kule pwani, jukwaa lao la mashabiki wanaliita Jikoni, kwa kuwa sherehe za asili za watu wa huko hufanyika jikoni, fidla na nyimbo kati ya masufuria. Sisi tungeliita Uani.

Ila kilichonichekesha zaidi ni hiki: huku mtu anachagua timu akiwa na miaka hamsini, kama anayechagua sofa, na mwezi ujao analia ikifungwa. Sisi timu tunairithi pamoja na madeni.

Jumapili ya tarehe 9 Novemba ilikuwa fainali, Ottawa na Cavalry ya Calgary, hapa nyumbani, uwanja wa TD Place, Lansdowne, kando ya mfereji wa Rideau. Hao Cavalry uwanja wao wa kawaida uko Spruce Meadows, mahali maarufu kwa mashindano ya farasi wa kuruka viunzi. Siku hiyo hata farasi angeomba ruhusa. Theluji ilikuwa inashuka kama mtu kapasua magunia ya unga juu ya mji.

Nilitaka kubaki nyumbani. Jirani yangu, Mkongo wa Bukavu, akaja kugonga mlango. "Ndugu yangu, unaogopa nini? Njoo tuone mupira mu theluji!" Mke wangu naye akachochea, akanivalisha kofia yake nyekundu yenye simba. Nikakubali kwa sharti moja la moyoni ambalo sikumwambia mtu: chini kabisa, kwenye ngozi, nilivaa jezi ya Yanga. Juu yake fulana ya joto, juu yake sweta mbili, kisha koti. Chini suruali ya kubana ya joto, suruali ya kawaida yenye zipu na, juu yake, ile ngumu ya theluji yenye zipu nyingine. Skafu ya Yanga nikaificha mfukoni. Kuivaa sikuthubutu, kuiacha nyumbani roho haikukubali.

Halafu nikafanya kosa. Nikanywa chai ya tangawizi vikombe vitatu, vile vikombe vikubwa vya kwetu, ili nipate moto. Na nilipofika uwanjani nikanunua chokoleti ya moto, nikaongeza nyingine kwa ajili ya mikono, maana ilikuwa ni kishikio kizuri.

Mpira wenyewe ulikuwa kichekesho. Ukipigwa pasi ya chini, unaviringika hatua mbili unajivika theluji, unasimama, kama mandazi yaliyonyunyiziwa sukari. Mistari haikuonekana. Mara mchezo unasimamishwa, wanaingia watu na makoleo kutafuta eneo la penalti lilipo. Tukawashangilia watu wa makoleo kama wachezaji. Ngoma haikunyamaza. Jirani yangu alikuwa na theluji kwenye nyusi, anaimba Kifaransa huku kavua glovu.

Cavalry wakapata penalti, Fraser Aird akafunga. Moja bila.

Na mimi ile chai ilikuwa imefika ilipokuwa inaelekea. Nikapiga hesabu: tumeshafungwa, uwanja umekuwa shamba la pamba, mpira hauendi, nani atafunga tena kabla ya mapumziko? Nikatandaza skafu ya Yanga kwenye kiti changu ili wasinichukulie nafasi, nikatoka mbio. Mbio za mwanamume aliyevaa suruali tatu, sijui kama nieleze.

Chooni nikaanza kazi. Vidole vilikuwa havina habari na mimi. Navipa amri, vinakaa. Glovu moja nikaiuma kwa meno. Zipu ya nje ikashuka vizuri. Ya pili ikashuka inchi moja, ikakwama. Nikainama kuchungulia, nikaona rangi ya kijani. Zipu ilikuwa imeuma pindo la jezi ya Yanga.

Kama kuna mtu amewahi kusalitiwa na klabu yake mwenyewe, ajue hayuko peke yake. Navuta juu, haiendi. Navuta chini, haiendi. Nasali. Jamaa wa pembeni ananitazama, anatazama kwingine.

Hapo ndipo nikasikia. Kwanza kimya cha nusu sekunde, kama uwanja mzima umevuta pumzi. Kisha kishindo. Kuta zilitetemeka, ngoma zikapoteza mdundo, na jamaa yule wa pembeni akanirukia akanikumbatia huku anapiga kelele. Kama alikuwa amenawa, sijui. Kwa mshtuko nikavuta kwa nguvu zangu zote: *chrraaa!* Jezi ikachanika, zipu ikafunguka, na nikasawazisha pamoja na Ottawa.

Niliporudi jirani alikuwa hana sauti. "Ulikuwa wapi, weye? Ule kijana amepiga retourné! Mu theluji!" Kumbe kwa kuwa mpira hauviringiki chini, walikuwa wanauchezea hewani, na David Rodríguez, kijana wa Meksiko, akageuka mgongo kwa goli, akajirusha juu, akaupiga kichwa kikiwa chini miguu juu, ukamvuka kipa ukaingia. Watu wananionyesha kwenye simu, mimi natikisa kichwa kama niliyeliona, nasema, "Kweli, kweli, dah!"

Mechi ikaendelea hadi dakika za nyongeza. Kabla ya hapo tukasubiri sana makoleo yafanye kazi yake, na kila mtu akaenda chooni. Mimi sikubanduka. Rodríguez huyo huyo akafunga la pili, tukashinda 2-1, ubingwa wa kwanza wa Ottawa. Hilo la ushindi nililiona kwa macho yangu yote mawili, mpira ulipotoka na ulipoingia. Mpaka leo hakuna hata mmoja aliyeniuliza habari zake.

Wanaulizia la kwanza. Usiku huohuo video ikatua kwenye kundi la WhatsApp la familia. Shemeji wa Tanga akauliza, "Shem, si ndiyo Ottawa kwenu hapo?" Nilipaswa kunyamaza. Badala yake nikarekodi sauti ya dakika nne. Nikaeleza alivyoruka, theluji ilivyotawanyika, kipa alivyoduwaa. Nikasema nilikuwa karibu kiasi kwamba nilimsikia akihema. Wakwe zangu wote ni Simba, wakaguswa. Mama mkwe mwenyewe akatuma vidole gumba vitatu.

Asubuhi jirani akaweka video yake kwenye status. Alikuwa amejirekodi mwenyewe akiimba, mgongo ameupa uwanja, kwa hiyo naye goli hakuliona, lakini hilo halikumsaidia mtu. Kishindo kinatokea, anaruka, watu wanaruka, bendera zinapigana. Na pembeni yake, wazi kabisa, kiti kitupu, juu yake skafu ya kijani na njano imetulia, inapata theluji taratibu.

Mama watoto aliitazama mara moja. Akairudia. Akaenda kwenye kapu la nguo, akaichomoa jezi, akatazama pindo. Hakusema neno. Alichukua simu yake, akaituma ile video kwenye kundi, akaweka alama ya mviringo kwenye kiti.

Kundi likakaa kimya kama dakika tano. Kisha Tanga wakaandika.

"Shem, ipe simu hiyo skafu itusimulie."