Kabla hamjampeleka mzee kwenye utafiti wa kumbukumbu

Makala niliyoisoma inawahimiza wazee wajitolee kwa utafiti wa kupoteza kumbukumbu, na mimi naunga mkono kabisa, ila haikugusa maandalizi, na hapo ndipo majibu huharibika. Mzee aje na miwani yake, na kifaa cha masikio kama anacho. Asiyesikia vizuri huonekana msahaulifu kumbe swali halikumfikia. Bebeni dawa zote katika paketi zake. Zile za mafua zinazoleta usingizi huvuruga kumbukumbu, kwa hiyo watafiti wajue. Asindikizwe na mtu anayeishi naye, maana ataulizwa mabadiliko ambayo mzee mwenyewe huenda hayaoni.

Kutojua kusoma si kikwazo. Kipimo kifupi cha kumbukumbu na akili kiitwacho IDEA, kilichotokana na utafiti wa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, kina vipengele 6 tu, miongoni mwake: mzee hupanga njiti za kiberiti kufuata mfano, hutaja wanyama kwa dakika 1, hukumbuka maneno 10 aliyosomewa. Tafadhali msimfundishe maswali hayo nyumbani! Alama zitapanda na tatizo litajificha.

Kama kuna MRI (mashine ya sumaku inayopiga picha za ubongo), semeni mapema kuhusu kifaa cha moyo au chuma chochote mwilini. Kabla ya kutia sahihi au dole gumba, ombeni kuona kibali cha maadili, yaani ruhusa rasmi ya kufanya utafiti kwa watu (Tanzania hutolewa na NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba), na ulizeni kama majibu mtapewa. Mzee anaweza kukataa kipimo kimoja, au kujitoa siku yoyote, bila kunyimwa matibabu yake ya kawaida. Wenye kumbukumbu nzuri nao wanahitajika, kwa kulinganisha.