Jino likinyamaza, usishangilie

Kwenye baraza za kahawa za Ngamiani hapa Tanga, mtu akishika shavu tu, ushauri unamiminika kabla kikombe hakijapoa. Huyu atakuambia utafune karafuu, yule usukutue maji ya chumvi, lakini mwisho wa yote wanakubaliana: ling'oe. Mimi nasema tunang'oa mno, wakati meno mengi yanaokoleka kwa ruti kanali, yaani matibabu ya kusafisha na kuziba ndani ya mzizi wa jino.

Katikati ya jino kuna kiini laini chenye mishipa ya damu na ya fahamu, kinachoteremka kwenye vijia vyembamba hadi ncha ya mzizi. Bakteria wa mdomoni wakipata sukari (na kashata zetu hawazikatai) hutoa asidi inayolila jino polepole. Wakikifikia kiini, kinavimba, na kwa kuwa kuta zinazokizunguka ni ngumu, hakina pa kutanukia. Ndiyo yale maumivu ya usiku yanayokufanya ukae kitandani umeshika taya hadi adhana ya alfajiri.

Halafu siku moja yanakata ghafla. Hapo mtu anamshukuru Mungu na safari ya kwa daktari inaishia hapo hapo. Kumbe kiini kimekufa, na bakteria wanateremka taratibu kwenda kwenye mfupa wa taya. Baada ya muda kijipu kinachomoza kwenye ufizi, kinapasuka, mdomo unajaa ladha mbaya, kinafunga, kinarudi tena. Amoksilini ya duka la dawa inaweza kupunguza uvimbe, ila dawa husafiri kwa damu, na ndani ya jino lililokufa damu haipiti. Ukimaliza dozi, bakteria wako bado wamo.

Ruti kanali inawafuata humo humo. Daktari anapiga eksirei, anachoma sindano ya ganzi, anatoboa jino kwa juu na kukwangua uozo kwa vitupa vyembamba vya chuma. Vijia vinaoshwa kwa dawa ya jamii ile ile ya maji ya kung'arishia nguo nyeupe, kisha vinajazwa gutapacha, utomvu wa miti ya Asia ya Kusini-Mashariki, bakteria wasipate pa kuishi tena. Jino la mbele kwa kawaida lina kijia 1. Gego la juu mara nyingi lina 3 au 4, kwa hiyo usinune ukiambiwa urudi tena.

Gego likishatibiwa livishwe kofia, yaani kifuniko kigumu cha kulikinga. Hatua hii wengi wanairuka kwa kuwa maumivu yamekwisha na hela pia, kisha jino linapasuka na lawama anabebeshwa daktari.

Kuhusu bei sibishi: kung'oa ni rahisi zaidi. Lakini jino la pembe si dawa ya pengo, na pengo lenyewe halitulii. Meno ya jirani yanainamia, la upande wa pili linashuka au kupanda kulifuata.

Kama uso umevimba, una homa, au kumeza kunakushinda, usingoje kesho. Nenda hospitali sasa hivi. Vinginevyo, kabla hujakalia kile kiti, uliza: hili linaokoleka? Yapo yasiyookoleka, yaliyopasuka hadi mzizini au yasiyobakisha kitu cha kushikia kofia. Daktari akiliangalia kwenye picha akakuambia hivyo, ling'olewe. Hata mimi nitakusindikiza mpaka hospitali ya Bombo.