Mlango juu ya kadi

Fundi mmoja wa milango ya kuchonga, mwenye karakana Mji Mkongwe, alinitaka ushauri: atengeneze kadi ya biashara ambayo mteja akiielekezea kamera ya simu, mlango unasimama juu yake, mfaa (ubao wa katikati) na vifundo vya shaba, kama upo kweli? Jambo hili huitwa uhalisia ulioongezwa.

Anachokitamani si upuuzi. Mlango hauingii kwenye sanduku la mgeni, na picha ya kawaida haionyeshi kina cha nakshi, ambayo ndiyo hasa anayoiuza. Mtu akiuzungusha mlango kwenye simu yake, habishani sana na bei.

Taabu inaanzia kwenye kadi yenyewe. Simu huitambua kadi kwa alama zake: pembe, madoa, pale weusi unapokutana na weupe. Fundi alitaka mnyororo wa mwimo, ile nakshi ya pete za fremu ya mlango, uzunguke kadi nzima. Kwa macho unapendeza. Kamera unaichanganya, kwa sababu pete zote zinafanana na programu haijui hii ni ya tatu au ya saba. Tukachapisha ya majaribio hata hivyo, ikapakwa plastiki ya kung'aa. Karakanani mlango ukasimama, ukitetemeka kidogo. Tulipotoka barazani saa saba mchana jua likaipiga kadi, kamera ikaona weupe mtupu. Karatasi isiyong'aa na picha ya mlango iliyopigwa kwa pembeni vikaiponya.

Ukaja ukubwa. Kadi ina milimita 85 kwa 55 hivi, kwa hiyo mlango wa juu yake una kimo cha kidole. Ukiutaka wa kimo chake halisi lazima urudi nyuma, na ukirudi nyuma kadi inakuwa nukta, kamera inaipoteza, mlango unatoweka. Dawa ipo: kadi iwe ya kufungulia tu, kisha simu iusimamishe mlango kwa kuitambua sakafu badala ya kadi. Lakini si kila simu inayoweza, na gharama inapanda.

Wapo wasemao haya ni ya kupita, simu zinazidi kuwa bora. Simu, sawa. Nyumba unamokaa huo mlango je? Meta, wenye Facebook na Instagram, walipofunga Spark, jukwaa lao la kutengenezea vitu vya uhalisia ulioongezwa, Januari 2025, kazi walizotengeneza watu humo ziliondoka kwenye mitandao hiyo. Kadi iliyokwisha kuchapwa huwezi kuirudisha ukaisahihisha. Ndiyo maana nilimshikilia fundi kwamba msimbo wa QR uende kwenye tovuti yake mwenyewe, ambako anaweza kubadilisha kilicho nyuma yake. Programu ya kupakua asahau kabisa. Mgeni aliyenunua bando la siku mbili hatalimaliza kwa ajili ya kadi. Kivinjari kinatosha, na faili la mlango liwe jepesi.

Muuza viungo nisingemshauri hivi. Karafuu hunuswa, na kwake namba ya WhatsApp inayosomeka bila miwani inamtosha. Mwongoza watalii, labda, lakini hata yeye ningemwambia asubiri. Fundi anauza kitu kikubwa, ghali, kisichobebeka, na mnunuzi wake huondoka kisiwani kabla hajaamua.

Amechapa kadi hamsini kwanza, jina na simu kwa herufi kubwa. Anasema akiona watu wanaielekezea kamera ndipo atachapa nyengine.