Usimmalizie fundi malipo kabla mvua haijanyesha

Mtu akiniambia fundi amemaliza paa, namuuliza kama mvua imeshanyesha. Kama bado, paa hilo halijaisha, na shilingi ya mwisho ya fundi ibaki kwa mwenye nyumba. Najua wengi wataona huo ni ukatili. Mimi pia ningeona hivyo kabla ya yaliyonikuta nyumbani kwangu Kiboswa, pale Kisumu inapopakana na Vihiga.

Tuliezeka Januari. Mabati ya migongo, geji 30, mbao za saiprasi, misumari ya mabati yenye mpira kichwani. Vyote nilinunua mwenyewe kwenye hadwea, kwa orodha ambayo fundi aliniandikia kwenye karatasi ya daftari. Kazi ilichukua siku sita. Siku ya saba nikamtumia pesa zake zote kwa M-Pesa, na za soda juu yake, kwa sababu aliletwa na shemeji yangu, na kwa sababu paa lilipendeza ukilitazama kutoka barabarani.

Machi mvua ikafika. Aliyekaa huku anaijua: alasiri mawingu yanajipanga juu ya milima ya Nandi, upepo unatangulia na vumbi lake, kisha maji yanamwagika kama yaliyofunguliwa lango. Usiku ule nilisikia tone chumba cha watoto, halafu jingine. Ilipofika saa tano tulikuwa na sufuria tatu na karai moja sakafuni, na kwenye silingi bodi doa la rangi ya strungi lilikuwa linatambaa kuelekea taa. Nikazima swichi kuu, nikawahamisha watoto sebuleni.

Fundi alipokuja alitazama juu, akatikisa kichwa. "Mwalimu, mvua ya huku si unaijua? Hii ni kazi ya Mungu." Mkononi alikuwa na mkebe wa silikoni.

Maneno hayo yaliniuma kuliko hata ule usiku. Mvua ya huku naijua, na yeye anaijua, amezaliwa na kukulia ndani yake. Paa la Kiboswa huezekwa kwa ajili ya mvua ya Kiboswa. Likivuja siku ya kwanza ya masika, Mungu hahusiki, na kumtaja ni kumnyamazisha mwenye nyumba, maana nani atabishana na Mungu? Silikoni nayo niliikataa. Bati hupanuka juani na kunywea usiku, kila siku, mwaka mzima. Kiraka cha namna hiyo kitashika miezi kadhaa kisha kipasuke, na wakati huo fundi yuko Siaya kwenye mjengo mwingine.

Nilimwita mzee mmoja wa jirani aliyeezeka nyumba nyingi za kijiji chetu. Alipanda ngazi, akakaa huko juu kimya, kisha akaniita: "Mama, panda uone mwenyewe." Nikapanda.

Bati lina mgongo na bonde. Msumari hupigwa mgongoni, kwa kuwa maji hupita bondeni. Upande wa Nandi, mistari miwili mizima ilikuwa imepigiliwa bondeni, kwa hiyo kila msumari ulikuwa tundu katikati ya mto. Nilipoinama karibu nikaona mipira ya ile misumari si ile niliyonunua. Ilikuwa vipande vya malapa ya bluu, vimekatwa kwa kisu, vingine vimeshaanza kujikunja kwa jua. Na pale bati la juu linapolalia la chini, mzee akapima kwa vidole: vitatu. "Hapa ilitakiwa sentimita 15 angalau," akasema. Upepo ukisukuma maji kurudi juu, vidole vitatu havizuii kitu.

Nilimuuliza fundi mbele ya mzee. Kwanza alikana. Halafu akasema jambo ambalo sijalisahau: mabati yalipungua, misumari ikaisha, naye akaogopa kuniambia kwa sababu nilikuwa nimeshalalamika kuhusu gharama mara mbili. Ni kweli nililalamika. Ni kweli pia nilimshusha kutoka elfu arobaini hadi thelathini, na nilijivunia. Simwondolei lawama, maana bei ya chini haimpi mtu ruhusa ya kupigilia malapa juu ya vitanda vya watoto. Lakini sisi tunaojenga tunapaswa kuwa watu wa kuambiwa "haitoshi" bila kuwaka. Fundi anayeogopa kusema mabati yamepungua atayanyoosha yaliyopo yafike, na hutajua mpaka masika.

Shemeji akaomba yaishe, eti ni mtu wetu. Kwangu mimi mtu wetu ndiye anayepaswa kurudi haraka zaidi. Nimechoka kuona watu wa huku wakilala chini ya karai miaka mitatu ili wasimwaibishe mtoto wa jirani. Nikamweleza fundi waziwazi, bila kupandisha sauti, kwamba Katiba yetu ya 2010, ibara ya 46, inampa mnunuzi haki ya huduma yenye ubora unaostahili. Na kwamba kuna Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, ambako si lazima uwe na wakili na kesi inatakiwa kuamuliwa ndani ya siku 60. Nilikuwa na orodha yenye mwandiko wake, ujumbe wa M-Pesa na picha za yale malapa. Nikamwambia nisingependa kufika huko.

Alirudi Jumamosi na kijana wake. Mabati manne ya nyongeza na misumari nilinunua mimi, kwani ndivyo vilivyokosekana tangu mwanzo. Kazi aliifanya bure. Waling'oa upande wote wa Nandi, wakabadilisha mabati yaliyotobolewa bondeni, wakapigilia upya mgongoni, na mzee amekaa chini ya mwembe akitazama. Mvua tatu kubwa zimepita tangu siku hiyo na doa limekauka.

Mwezi uliopita nilimpa yuleyule kazi ya kuezeka jiko la nje. Safari hii tuliandikiana: idadi ya mabati, idadi ya misumari, siku za kazi, na kwamba kikipungua chochote ananipigia simu kabla ya kupanda ngazi. Alinipigia mara moja, misumari nusu kilo, nikapeleka siku hiyohiyo. Elfu nne zake bado ninazo. Alisaini mwenyewe kwamba atazipokea baada ya masika.