Kujua, na kujua kwamba unajua

Mtu anaulizwa Malkia Elizabeth wa Kwanza wa Uingereza alifariki mwaka gani. Anacheka, anasema historia hakusoma. Akibanwa abahatishe, anajibu: 1603. Ndio wenyewe. Maswali mengine anayapatia, mengine anakosea, na baadaye inagundulika kwamba zamani alifundishwa tarehe hizo, akasahau hata kwamba alifundishwa. Mwanafalsafa Colin Radford alitoa mfano wa namna hii mwaka 1966, akadai kwamba mtu huyo alijua, ila hakujua kama anajua.

Wapo wanaokataa. Jaakko Hintikka wa Finland, katika kitabu chake cha 1962, alishikilia kwamba anayejua jambo anajua pia kwamba analijua: sababu zinazomtosha kusema "ndivyo" zinamtosha kusema "najua ndivyo". Hoja ina mashiko. Mtu akikwambia "mvua inanyesha, ila sijui kama najua hilo", utachungulia dirishani mwenyewe.

Kinachonilegeza mimi ni mambo ya kukadiria, na hapa namfuata Timothy Williamson, aliyeupinga msimamo wa Hintikka kwa kirefu mwaka 2000. Chukua kitabu kinene, kimefungwa, kina kurasa 380. Tuseme jicho lako huweza kukosea kwa kurasa 50. Kwa kukitazama tu unaweza kujua kwamba kinafika kurasa 300, maana hata jicho likikosea bado uko salama. Kingekuwa na 340, usingekuwa salama, kwani 340 ukitoa 50 unabaki na 290. Ungepatia kwa bahati. Kwa hiyo ili ujue kwamba unajua, lazima kwanza ujue kwamba kinafika 350. Hilo huliwezi, kwani 380 ukitoa 50 unabaki na 330. La kwanza unalijua, la pili limekuponyoka.

Mpinzani atasema: si ukifungue tu, utazame ukurasa wa mwisho? Sawa, ila hapo utakuwa umepata ujuzi mwingine. Ule wa mwanzo ulikuwepo kabla hujakigusa kitabu.

Hata hivyo, kwa Radford sifiki. Mtazama kitabu anaamini anachosema; ukimbishia, atakuonyesha unene wake kwa kidole. Yule wa 1603 hana cha kuonyesha. Ungemwambia "hapana bwana, ni 1605", nahisi angekubali papo hapo, tena kwa kukushukuru.