Ufunguo wa Maktaba Uko kwa Nani?

Oktoba mwaka jana, msimu wa korosho ukiwa umepamba moto, nilimpeleka mpwa wangu kuandikishwa katika shule moja ya msingi iliyoko kwenye uwanda wa Makonde, upande wa Newala, kusini mwa Tanzania, kwa kuwa mama yake alikuwa amehamia huko na kwa mila za kwetu mjomba ndiye anayebeba mzigo kama huo. Tukiwa tunasubiri barazani niliona mlango ulioandikwa MAKTABA kwa rangi ya bluu, nikaomba kuingia. Mwalimu wa zamu alinijibu kwa adabu kwamba ufunguo uko kwa mwalimu mkuu, naye mwalimu mkuu alikuwa ameitwa kikaoni. Tukachungulia dirishani. Vitabu vya hadithi vilikuwa vimepangwa mezani kwa unadhifu, baadhi vikiwa bado na kamba ya nailoni vilivyofungwa nayo tangu vilipoletwa, na kutoka ukutani mchwa walikuwa wamekwisha kujenga njia yao ya udongo hadi kwenye jalada lenye picha ya sungura.

Nilimwuliza mwalimu kwa nini watoto hawapewi. "Ndugu yangu," akasema, "kila kitabu kimeandikwa kwenye leja. Kikipotea, anayeulizwa ni mimi." Sikumlaumu siku ile na simlaumu leo, kwa sababu hofu yake ina mantiki, na watafiti wameikuta mbali na hapa. Nchini Sierra Leone, watafiti waliofuatilia ugawaji wa vitabu vya kiada bure mashuleni walieleza mwaka 2014 kwamba ufaulu haukupanda, na sababu kubwa ilikuwa kwamba shule ziliweka sehemu kubwa ya vitabu stoo badala ya kuwapa wanafunzi, kwa kuwa hazikuwa na hakika kama vingine vingekuja. Asiyejua mvua ya mwakani itanyesha lini huziba ghala lake.

Nayasema haya kwa sababu katika mikoa yetu ya Mtwara na Lindi, kila linapozuka suala la matokeo mabaya ya darasa la saba, jibu linalotolewa haraka ni jengo la maktaba: wazazi wachange matofali, mfadhili alete mabati, chumba kizinduliwe. Wanaotetea jengo hutaja tafiti za Marekani, nami nazithamini tafiti hizo, ila naomba zisomwe hadi mwisho. Ile inayotajwa zaidi ilifanyika katika jimbo la Colorado chini ya Keith Curry Lance na kuchapishwa mwaka 1993, ikarudiwa mwaka 2000. Ilionyesha kwamba wanafunzi wa shule zenye maktaba nzuri walifanya vizuri zaidi katika mitihani ya kusoma, hata baada ya kuzingatia umaskini wa familia zao. Lakini maktaba nzuri katika tafiti hizo ni ile yenye watumishi wa kutosha na mkutubi anayeandaa masomo bega kwa bega na walimu wa darasa. Tena tafiti hizo zinaonyesha uhusiano, hazithibitishi chanzo; yawezekana shule iliyo imara kwa mambo mengine ndiyo pia inayoweza kuajiri mkutubi.

Anayetaka ushahidi mgumu zaidi atazame majaribio ambamo shule huchaguliwa kwa bahati nasibu, nyingine zikapewa huduma na nyingine zikasubiri. Huko Karnataka, India, jaribio la namna hiyo kuhusu maktaba za shule, lililotolewa mwaka 2012, halikuona nyongeza yoyote katika ujuzi wa lugha. Matokeo hayo yalinisumbua sana nilipoyasoma, maana mimi ni mtu niliyelelewa na vitabu. Lakini katika mkoa wa Tarlac, Ufilipino, shule 100 zilihusika katika jaribio jingine: nusu yake zilipewa vitabu vya hadithi vinavyolingana na umri wa watoto wa darasa la nne, walimu wakafundishwa namna ya kuvitumia, na kwa siku 31 watoto wakatengewa muda wa kusoma kila siku. Uwezo wao wa kusoma ulipanda. Miezi mitatu baadaye, utaratibu ule ukiwa umekwisha, faida ilikuwa imepungua kwa karibu nusu.

Mimi nasoma matokeo hayo hivi: kitabu kilifanya kazi pale kilipoingia ndani ya kipindi, mikononi mwa mwalimu yule yule anayemjua mtoto kwa jina, na kilianza kupoteza nguvu pale kipindi kilipoondolewa. Chumba hakikuwa na kauli katika jambo hilo.

Liko jambo jingine ambalo sisi wa kusini tunapaswa kulitazama kwa makini zaidi, nalo ni lugha. Huko Busia, magharibi mwa Kenya, utafiti wa Glewwe, Kremer na Moulin ulionyesha kwamba vitabu vya kiada viliwasaidia wale tu waliokuwa tayari wakiongoza darasani, na maelezo ya watafiti ni kwamba vitabu viliandikwa kwa Kiingereza, lugha ya tatu kwa watoto wengi. Mtoto wa Newala anaongea Kimakonde na bibi yake, anasoma kwa Kiswahili, na Kiswahili hicho anakisikia sokoni, msikitini na redioni tangu akiwa mgongoni. Kwa hiyo hadithi ya Kiswahili anaielewa bila kufasiriwa. Hiyo ni neema ambayo mtoto wa Busia hakuwa nayo, na inadumu miaka ya shule ya msingi tu, kwani akifika kidato cha kwanza masomo karibu yote yanageuka kuwa ya Kiingereza. Kila mwaka ambao vitabu vile vya hadithi vinakaa na kamba zao ni mwaka unaopunguzwa katika hiyo michache.

Ninachopendekeza hakihitaji tofali hata moja. Ratiba itenge nusu saa kila siku, kuanzia darasa la tatu, ya kusoma hadithi, na vitabu vihamie darasani ndani ya kabati au hata ndani ya ndoo yenye mfuniko. Mwalimu mmoja apunguziwe vipindi ili asimamie uazimaji, kwa sababu kumwongezea kazi hiyo juu ya darasa la watoto themanini ni kumdhulumu. Wakulima wetu wamezoea makato ya kila kilo ya korosho kupitia vyama vya msingi vya ushirika. Shilingi chache kati ya hizo zingetosha kufidia vitabu vinavyopotea, na mwalimu angepumua.

Leja nayo ibadilishwe. Iwe na safu ya vitabu vilivyochakaa kwa kusomwa, ambavyo mwalimu hadaiwi. Nimeiandikia kamati ya shule ile ombi hilo, nikaomba pia kwamba vile vilivyo karibu na ukuta vitolewe kwanza, kabla mchwa hawajafika kurasa za ndani.